Sauti Haikupotea, Ilikosa Njia

Jioni ya Jumapili moja mzee jirani yangu, hapa Temeke, alinibishia hodi akiwa ameshika diski aliyoifunga kwa leso. Mzee huyu ni mstaafu wa bandari; alifanya kazi ya mizigo kwa zaidi ya miaka thelathini, wala si mtu wa kulalamika ovyo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, wewe mtu wa magazeti huenda ukajua. Mama yenu amenyamaza."

Nilishtuka, maana mama huyo, Mungu amrehemu, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Mzee akanieleza. Jumamosi iliyokuwa ikija familia ilikuwa ikusanyike kwa dua ya kutimiza mwaka. Alitaka wajukuu, hasa wadogo ambao hawamkumbuki bibi yao, wamsikie akimwusia binti yake siku ya harusi. Harusi hiyo ilirekodiwa katika kanda ya VHS, na baadaye mwanawe aliinakili katika diski kwa deki ya DVD ya kurekodia. Diski ilikuwa ikisema vizuri miaka yote. Lakini tangu mzee alipozawadiwa seti ya spika sita, ile inayoitwa sauti ya kuzunguka, na kuiunganisha na deki yake, ngoma zilisikika, vinanda vilisikika, ila mama aliposimama kusema, midomo ilicheza na neno lisitoke.

Fundi mmoja aliyeitwa aliitazama diski juu juu, akasema imechakaa, na kwamba dawa ni kununua seti kubwa zaidi. Mzee alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu akiba yake.

Tulifuatana hadi kwake. Mimi si fundi wa redio, lakini nimejifunza kwamba chombo hakina uchawi. Sauti ni kama msafiri: ina mahali inapotoka, ina njia inayopita, na ina mahali inapofika. Ikikosekana, hapana budi kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua tangu mwanzo. Basi jambo la kwanza nililomwomba ni tuchomoe nyaya za sauti kutoka katika amplifaya, tuzichomeke moja kwa moja katika runinga. Tulipowasha, sauti ya mama ikatoka, nyembamba lakini kamili. Mzee aliketi kitako pasipo kusema neno.

Hapo tulijua kwamba diski ni nzima na deki ni nzima. Kosa lilikuwa mbele ya safari. Tukarudisha nyaya mahali pake, tukasikiliza tena, nami nikatambua jambo: hata katika nyimbo, ala zilisikika pande mbili lakini mwimbaji alikuwa kama yuko chumba cha pili. Nikazihesabu spika. Mbili mbele, mbili nyuma, na sabufa sakafuni. Jumla tano. "Mzee wangu, ya sita iko wapi?"

Alifungua kabati, akaitoa ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. "Hii niliona haina mwenziwe," akasema. "Mbili za kulia, mbili za kushoto, hii nikaiweka ya akiba."

Ndugu msomaji, spika hiyo isiyo na mwenziwe ndiyo spika ya katikati, na ndiyo inayobeba maneno ya watu. Katika sinema za DVD sauti aghalabu hugawanywa katika njia sita. Njia mbili ni za mbele, kulia na kushoto. Mbili ni za pembeni au nyuma ya msikilizaji. Moja ni ya katikati, ambayo hubeba mazungumzo. Na ya sita ni ya sabufa, ambayo hubeba mingurumo mizito tu, mitetemo isiyozidi 120 kwa sekunde. Ndiyo maana mpango huu huandikwa 5.1: njia tano kamili, na moja isiyo kamili.

Diski ya mzee haikuwa na njia sita, kwani deki za kurekodia za nyumbani kwa kawaida hurekodi njia mbili tu. Lakini amplifaya za aina hii zina uwezo wa kuzipokea njia mbili na kuzitawanya katika spika zote. Kanuni yake ni hii: sauti iliyo sawasawa kulia na kushoto huhesabiwa kuwa ni ya katikati, ikapelekwa huko. Mama alirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja, kwa hiyo sauti yake ilikuwa sawasawa pande zote mbili. Amplifaya iliipeleka katikati kama ilivyoagizwa, na katikati hapakuwa na spika. Tulipoichomeka na kuiweka chini ya runinga, kazi ikawa imekwisha. Haikugharimu hata senti moja.

Maadamu najua kwamba nyumba nyingi zimo katika mashaka kama hayo, nimeona yafaa leo tuzipitie hatua za kuunganisha deki ya DVD ya kurekodia na seti ya sauti ya kuzunguka.

Kwanza, zima kila kitu na uchomoe plagi ukutani. Nyaya huunganishwa vyombo vikiwa vimelala. Kisha geuza deki uitazame mgongoni. Utaona matundu ya namna mbili: yaliyoandikwa IN, ambayo ni mlango wa kuingilia, na yaliyoandikwa OUT, ambayo ni mlango wa kutokea. Deki ya kusikiliza tu ina OUT peke yake. Hii ya kurekodia ina yote mawili, na hapo ndipo wengi wanapokosea. IN ni kwa ajili ya kile unachotaka kukirekodi, kama vile deki ya kanda au king'amuzi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kipokezi cha analojia kilichomo ndani ya deki nyingi hakina matangazo ya kupokea, na picha hupitia king'amuzi. Kwa kusikiliza, waya hutoka OUT ya deki na kuingia IN ya amplifaya.

Pili, tenganisha safari ya picha na safari ya sauti. Picha iende kwenye runinga kwa waya wa manjano, au kwa nyaya tatu za nyekundu, kijani na buluu, au kwa waya wa HDMI ikiwa vyombo vyote viwili vinao. Sauti iende moja kwa moja kwenye amplifaya. Wako wanaoipitisha sauti kwanza katika runinga, kisha kutoka runinga hadi amplifaya. Njia hiyo hufanya kazi, lakini runinga nyingi huzipunguza njia sita zikawa mbili kabla ya kuzipitisha.

Tatu, chagua waya wa sauti. Ulio bora ni waya mmoja wa dijitali, nao uko wa namna mbili. Upo wa mwanga, unaochomekwa katika tundu dogo la mraba lenye kijilango, na ambalo huonyesha mwanga mwekundu deki inapowashwa. Ondoa vifuniko vidogo vya plastiki katika ncha zake kabla ya kuuchomeka, wala usiukunje kwa nguvu, kwani ndani yake mna uzi unaopitisha mwanga, nao huweza kuvunjika. Upo pia wa shaba, wenye pini moja ya mviringo, ambao tundu lake huandikwa COAXIAL. Waya wowote kati ya hizo mbili hubeba njia zote sita peke yake. Ikiwa amplifaya yako haina tundu la dijitali, tumia nyaya mbili, mweupe na mwekundu, hadi palipoandikwa AUX. Hapo utapata njia mbili tu, ambazo amplifaya inaweza kuzitawanya kama nilivyoeleza.

Nne, ieleze deki inachotakiwa kufanya. Fungua orodha ya mipango kwa rimoti, utafute mahali pa sauti ya dijitali. Utakuta maneno mawili: PCM na BITSTREAM. Ukichagua PCM, deki hufungua mzigo yenyewe na kutoa njia mbili. Ukichagua BITSTREAM, deki hupeleka mzigo ukiwa umefungwa, na amplifaya ndiyo hufungua njia sita. Wengi hununua waya wa dijitali kisha wakalalamika kwamba spika za nyuma zimelala. Kisa ni neno hilo moja. Usisahau pia kuiambia amplifaya, kwa kitufe chake, isikilize tundu lipi.

Tano, panga spika kwa akili. Waya mwekundu uingie penye nyekundu na mweusi penye nyeusi, kwa spika zote. Moja ikigeuzwa, sauti nzito hupungua na maneno hukosa mahali. Spika ya katikati ikae juu au chini ya runinga, zile za pembeni zikae ubavuni mwa wasikilizaji au nyuma yao kidogo. Nyaya zisilale pamoja na za umeme, maana huleta mvumo, wala zisikatize njia ya watoto. Ikiwa huna nafasi ya spika ya katikati, ingia katika mipango ya amplifaya uiambie kwamba haipo. Nayo itayarudisha maneno katika spika za kulia na kushoto. Mzee wangu hakuiambia, nayo ikaendelea kupeleka ujumbe katika nyumba isiyo na mtu.

Mwisho, punguza kabisa sauti ya runinga yenyewe. Zikilia zote mbili kwa pamoja, moja huchelewa kidogo nyuma ya nyingine, ukadhani uko pangoni. Kuhusu sabufa, tusahauliane haki tukikumbushana: ukuta wa pamoja hupitisha mngurumo kuliko maneno, na upande wa pili yaweza kuwa amelala mfanyakazi wa zamu ya usiku.

Lipo neno moja zaidi, ambalo ni zito kuliko nyaya zote. Kanda na diski zetu zinazeeka, na vyombo vya kuzisomea vinatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Deki za DVD za kurekodia nazo ni nadra kuzikuta mpya madukani. Mwenye kanda ya harusi, ya mahafali au ya maziko na ainakili deki ingali hai. Tena diski mpya iliyorekodiwa hapana budi ifungwe rasmi kwa amri inayoitwa FINALIZE katika deki ile ile iliyoirekodi, kwani bila hiyo deki nyingine huweza kuikataa; na siku yako ikiharibika, diski itabaki kama barua isiyo na msomaji. Kisha tia nakala ya pili katika kompyuta ya ndugu unayemwamini. Waandike pia majina ya waliomo na mwaka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Jumamosi ile nilihudhuria dua. Baada ya chakula mzee aliwasha deki. Sebule ilijaa, watoto wakaketi mkekani mbele kabisa. Mama aliposimama na kuanza kumwusia bintiye, mjukuu mmoja wa kike, kama wa miaka minne, alimgeukia mama yake akauliza, "Huyu ndiye bibi? Mbona anasema kama wewe?" Binti yule, ambaye ndiye bibi harusi wa siku ile, alimpakata asijibu.

Mzee aliniegemea begani akaninong'oneza, "Na mimi nilitaka kununua nyingine."

Basi kabla ya kuamini kwamba kitu kimekufa, na kabla ya kufungua mfuko wa akiba, fuata njia yake tangu inapoanzia hadi inapokomea. Huenda kilichokosekana kimo kabatini mwako. Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya pasi ya umeme na waya wake unaochubuka.