UKURASA WA FUNDI: Nyaya Mpya Katika Motakaa Kuukuu

Katika Uingereza wako watu wengi wanaotunza motakaa za mbio za zamani kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Mojawapo ipendwayo sana ni MGB, motakaa iliyoundwa katika mji wa Abingdon tangu mwaka 1962 hata 1980. Ziliundwa zaidi ya 500,000, na nyingi zingali barabarani. Injini yake haimsumbui fundi: kifaa kikichakaa, hununuliwa kingine kikafungwa kwa spana. Bodi ikiliwa na kutu, huchomelewa bati jipya. Lakini nyaya za umeme ni shauri jingine. Zimefichwa, na mwenye motakaa huzikumbuka siku aonapo moshi ukitoka chini ya dashibodi, pengine na mtoto ameketi kando yake.

Watu hupenda kumlaumu Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye kampuni yake ilitengeneza vifaa vya umeme vya motakaa hizo. Wamempa jina la utani, Mkuu wa Giza, jina ambalo sisi tulidhani lina mwenyewe tayari. Mimi naona wanamwonea. Taa ikififia baada ya miaka 50, mara nyingi kosa si la waya wala si la globu, bali ni kutu mahali pale waya mweusi ulipofungwa kwenye bodi. Maana katika motakaa umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa kupita katika chuma cha bodi yenyewe. Njia ya kurudi ikizibwa na kutu, taa hukosa nguvu. Basi, kabla hujatoa fedha yako, fungua skrubu hizo, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, upake grisi. Pengine ugonjwa utakwisha hapo hapo.

Je, ni lini basi yafaa kubadili nyaya zote? Kunja waya kidogo kwa vidole: kama ganda lake limekuwa gumu na lapasuka, wakati umefika. Kadhalika kama wenye motakaa waliotangulia wameongeza nyaya zao na kuziunga kwa utepe, kila mmoja kwa rangi aliyoipata. Na zaidi ya yote, kama waya mmoja umepata kuungua ndani ya fungu. Hapo usitie kiraka, maana joto la waya ule limekwisha kuyayeyusha maganda ya jirani zake, nawe huwezi kuyaona.

Sasa sikiliza vizuri habari ya rangi, kwa kuwa ndipo penye hatari. Waya wa rangi ya kahawia hutoka kwenye betri nao una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Mweupe hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Katika MGB za kwanza zilikuwako fyuzi mbili tu za kufanya kazi. Moja hupokea kutoka waya wa kahawia na kulinda nyaya za zambarau, kama ule wa honi. Ya pili hupokea kutoka mweupe na kulinda nyaya za kijani, yaani za waipa, taa za breki na indiketa. Waya wa kahawia wenyewe hauna fyuzi, wala taa kubwa za mbele hazina! Ukisuguana na chuma katika tundu lililopoteza raba yake, hakuna kitu cha kuukata umeme. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, na motakaa huweza kuungua yote.

Kwa sababu hiyo mimi siungani na wale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Tia swichi ya kukata betri. Taa mbili za wati 60 kila moja hutumia ampea 10, na umeme huo wote hupita katika swichi ndogo ya zamani. Zitilie fyuzi zake na rilei, swichi ipumzike.

Na fyuzi zenyewe zina mtego. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini kazi yake ya kila siku haipasi kuzidi 17. Madukani zipo nyingine za kioo, umbo lile lile, nazo zimeandikwa 35, kumbe hizo huchukua 35 mchana kutwa bila kukatika. Ukiweka hiyo, waya utaungua kwanza na fyuzi itabaki nzima. Fyuzi huwekwa kuulinda waya, si kuilinda taa.

Mafungu mapya yenye rangi zile zile yangali yakitengenezwa Uingereza. Ukiagiza, taja namba ya motakaa, usitaje mwaka tu. Hasa angalia mwaka 1967, maana mpaka hapo MGB ilifungwa ncha ya chanya kwenye bodi, na baadaye ikawa ncha ya hasi. Redio ya siku hizi ikifungwa kinyume huharibika mara moja.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Fungua betri kwanza. Piga picha, kisha ufunge kikaratasi chenye namba kwenye kila mwisho wa waya kabla hujauchomoa. Unapovuta fungu la nyuma, funga kamba kwenye ncha yake, ili kamba ibaki ndani na kuvuta fungu jipya. Lilaze la zamani sakafuni kando ya jipya, uyalinganishe tawi kwa tawi. Raba za matundu na viungio vya shaba nunua vipya vyote. Ni vya bei ndogo, na kufungua tena ni kazi kubwa.

Ukimaliza, usiunganishe betri moja kwa moja. Chukua globu ya wati 21, uifunge katikati ya betri na waya wake mkubwa, huku swichi zote zimezimwa na milango imefungwa. Globu hiyo hairuhusu hata ampea 2 kupita, kwa hiyo kosa likiwapo halitaleta moto. Ikiwaka sana, kuna waya unaogusa chuma, utafute. Ikibaki giza, iondoe, funga betri, kisha jaribu kitu kimoja kimoja, ukianza na honi.