Theluji hainibambi, nipe simu ya nyumbani

Watu wakisifia riwaya za watoto waliokulia majuu, huongelea theluji. Mimi hunishika pale simu inapopigwa nyumbani.

Chukua We Need New Names ya NoViolet Bulawayo, iliyotoka 2013 na kuingia orodha fupi ya Booker mwaka huohuo. Darling ana miaka 10, anaishi kwenye vibanda vya mabati Zimbabwe, mtaa unaoitwa Paradise (ati Paradise!), anaiba mapera kwa matajiri na marafiki zake. Baadaye anaenda kuishi na anti yake Detroit. Chakula kipo, shule ipo. Lakini viza yake ilikuwa ya kutembea tu, na ikaisha. Akirudi kusalimia mama, Marekani hataingia tena.

Sasa kumbuka yule binamu mnayemsema kwamba ameringa, hata mazishi ya guka hakuja. Kuna mtu amewahi kumuuliza kuhusu makaratasi?

Lakini Bulawayo hamdekezi Darling. Chipo, rafiki aliyebaki, anamwambia wazi kwamba nchi aliyoiacha si yake tena. Inauma, na namwelewa Chipo. Sisi ndio tunapanga foleni hapa, halafu mtu anatufundisha siasa ya kwetu akiwa majuu.

Bado niko upande wa Darling, kidogo. Alikuwa mtoto, safari ilipangwa na watu wazima. Binamu yangu pia aliondoka akiwa darasa la sita. Kwa grupu ya familia bado tunamwita mzungu.