BARABARA YA BONDENI NI YA NANI?



Ukimwuliza mtu wa Bondeni barabara iliyo mbele ya nyumba yake ni ya nani, atakujibu, "Ni ya Serikali." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Serikali ina ofisi nyingi, na mtu asiyejua mlango wa ofisi atapiga hodi mpaka jua lichwe. Sisi wafanyakazi wa reli twaona kwamba shida ya mitaa yetu huanza hapo, nasi twataka kueleza sababu, na kueleza pia lile ambalo chama chetu chaweza kufanya.

Mji huu wa Nakuru ulizaliwa na reli. Njia ya reli ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapa pakatangazwa kuwa mji mdogo. Mwaka 1952 mji ukapandishwa cheo kuwa manispaa. Baraza la siku zile za ukoloni lilikuwa la wenye mashamba na wenye maduka zaidi kuliko la watu wa Bondeni, wala hatulisifu. Lakini baada ya Uhuru watu walimjua diwani wao, na mtu aliyekuwa na neno juu ya mtaro alijua aende kwa nani. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Mabaraza ya zamani yakaondoka, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikashika kazi. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji. Kwa hiyo baraza letu la sasa ni Serikali ya Kaunti, na kwa mambo ya mji ipo Bodi ya Jiji chini ya kaunti hiyo.

Je, kazi zimegawanywa namna gani? Katiba imeandika katika Jedwali la Nne. Barabara kuu za nchi, reli na viwanja vya ndege ni kazi ya Serikali Kuu. Barabara za kaunti, taa za barabarani, mwendo wa magari na mahali pa kuegesha, na usafiri wa watu barabarani, hizo ni kazi za kaunti. Mpaka hapo hata mtoto wa shule aweza kuelewa.

Lakini kabla ya Katiba hiyo kulikuwa na sheria ya barabara ya mwaka 2007, nayo iliunda mamlaka tatu za Serikali Kuu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini, na KeRRA ya barabara za mashambani. Mamlaka hizo hazikuondoka kaunti zilipokuja. Basi mji mmoja ukawa na mabwana wengi. Barabara iendayo Nairobi na Eldoret ina mwenyewe, barabara nyingine ya lami mjini ina mwenyewe, na kichochoro cha Bondeni kina mwenyewe. Mfanyakazi atokaye nyumbani saa kumi za usiku kwenda zamu aweza kukanyaga ardhi ya wenyewe watatu kabla hajafika kazini, na akitumbukia shimoni hajui ni shimo la nani.

Sisi wenyewe tuliwahi kwenda kuuliza juu ya mtaro mmoja uliojaa takataka na mchanga. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili. Ya pili ikasema mtaro ni wao lakini ukingo wa barabara si wao. Ya tatu ikasema tuandike barua, ila haikusema barua iandikwe kwa nani. Mvua haikungoja barua ile. Hatuwatukani makarani wale, maana huenda nao hawakujua. Twasema tu kwamba kazi isiyo na mwenyewe haifanywi.

Tazameni jinsi kazi ya reli ilivyopangwa tangu zamani. Njia imegawanywa vipande, na kila kipande kina genge lake na nyapara wake. Kila kalvati lina namba. Taruma likioza au kokoto ikisombwa na maji, hakuna mtu wa kuuliza "hii ni njia ya nani?" Nyapara wa kipande kile anajulikana kwa jina, na daftari lipo. Genge hupita kwa miguu, huona kasoro ingali ndogo, na huitengeneza kwa sururu na karai kabla haijataka treni nzima ya kokoto. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara ni mali, tena ni mali ya gharama kubwa.

Tena mtu wa reli anajua kwamba adui wa njia ni maji. Hapa Nakuru jambo hilo ni kubwa kuliko katika miji mingine. Mlima Menengai uko juu yetu na ziwa liko chini yetu, na udongo wetu ni wa majivu ya volkano, hukatika upesi. Mvua ikinyesha, maji hushuka mitaani yakitafuta ziwa, na ziwa lile halina mto wa kulitoa maji. Takataka zote tunazotupa mitaroni mwisho wake ni humo humo, katika mbuga inayotuletea wageni. Kwa hiyo barabara ya lami isiyo na mtaro ni fedha zilizotupwa. Lakini lami ndiyo hupigwa picha siku ya ufunguzi. Mtaro haukatiwi utepe. Twataka baraza lihesabu mitaro kwanza, kisha lami.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana wengi hudhani mtu asiye na gari halipi kitu cha barabara. Si kweli. Kila lita ya petroli na ya dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara. Ushuru huo ulikuwa shilingi 18 tangu mwaka 2016, na mwezi wa Julai 2024 ukapandishwa kuwa shilingi 25. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya makandarasi. Pigeni hesabu wenyewe: matatu ikinunua lita 20, imelipa shilingi 500 za barabara. Je, mwenye matatu hutoa fedha hizo mfukoni mwake? La. Huzitoa katika nauli, na nauli ni sisi. Mwanamke auzaye mboga sokoni naye hulipa, maana kabichi haiji mjini kwa miguu.

Fedha hizo zikishakusanywa, sehemu kubwa huenda kwa zile mamlaka tatu. Lakini barabara nyingi za nchi hii zilizoandikwa ni za kaunti. Ndiyo maana mwaka 2024 na 2025 Magavana na Wabunge walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukisema ni zake. Fahali wawili wakipigana, nyasi huumia. Hatutaki kuwa upande wa fahali yeyote. Lakini twaona ni haki kwamba aliyepewa kazi apewe na fedha za kazi, na aliyepewa fedha aonyeshe kazi. Kaunti ikisema haina fedha za kutosha, yaweza kuwa inasema kweli. Basi na itubandikie ukutani ilichopata na ilichotumia, tuone wenyewe.

Na hapa ndipo tunapofika kwetu sisi wafanyakazi. Ni rahisi kulaumu, lakini sheria imetupa mlango, nasi hatuutumii.

Mwaka wa fedha una kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari. Makisio hufika tarehe 30 Aprili, na hapana budi yapitishwe kabla ya mwisho wa Juni. Anayekwenda kulia juu ya barabara mwezi wa Julai amekwenda baada ya chakula kugawanywa. Katika nyakati hizo watu hualikwa kutoa maoni, maana Katiba inataka hivyo. Lakini mikutano ya namna hii mara nyingi hufanywa mchana wa siku ya kazi. Nani atakwenda? Fundi yuko karakana, utingo yuko garini, mfanyakazi wa shamba la maua yuko shambani. Watakaokwenda ni wale wenye nafasi, na makisio yatafuata mawazo yao.

Liko jambo kubwa zaidi. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 137, inataka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti wake. Ndani yake lazima wawemo watu wa nje ya serikali, na sheria imewataja: wenye taaluma, wafanya biashara, wanawake, walemavu, wazee, watu wa dini, na wanaosimamia mambo ya wafanyakazi. Ndugu, someni neno hilo tena. Wafanyakazi wametajwa katika sheria. Kiti hicho hatukuombewa na mtu, ni chetu. Je, ni nani anayekikalia kwa jina letu hapa Nakuru, na ni lini alirudi kutueleza waliyosema? Kama wewe hujui, na jirani yako hajui, basi kiti hicho ni kama kitupu hata kama yuko mtu juu yake.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa wanachama na kwa viongozi wetu, lizungumzwe katika mkutano wa tawi:

Kwanza, chama kiandike barua kwa kaunti kutaka jina la mwakilishi wa wafanyakazi katika Jukwaa hilo, na kumwita aje tawini kila baada ya miezi mitatu atoe habari.

Pili, kutakwe daftari la barabara za Bondeni na mitaa jirani: kila barabara, kila mtaro, kila taa, na ofisi inayohusika. Daftari libandikwe kwa chifu na sokoni. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inataka ofisi ijibu kabla ya siku 21 kupita. Tuhesabu siku hizo.

Tatu, mikutano ya maoni juu ya makisio ifanywe Jumapili alasiri au jioni, na karatasi zitolewe kwa Kiswahili, siku za kutosha kabla ya mkutano.

Nne, kaunti na Shirika la Reli wakae meza moja juu ya mahali ambapo njia za miguu hukatiza reli. Taa ni kazi ya kaunti, reli ni kazi ya Serikali Kuu, na mahali kazi hizo mbili zinapokutana pasiwe mahali pa giza. Mtu wa zamu hapaswi kuvuka njia kwa kubahatisha.

Tano, kila kata ipewe genge lake dogo la kuzibua mitaro na kuziba mashimo mwaka mzima, lenye nyapara anayejulikana, na vijana wa mitaa hii waandikwe kazi hiyo kwa mshahara wa halali, si kwa vibarua vya wiki mbili kabla ya uchaguzi.

Mambo haya hayataki fedha za ajabu. Mengi yataka barua, kalenda na watu wachache wenye saburi. Reli ilitufundisha kwamba treni haiwangoji waliolala, na makisio ya baraza ni vivyo hivyo. Mkutano wa tawi ukiitishwa, njoni, na kila mmoja alete jina la barabara moja ambayo hajui ni ya nani. Tutaanza na hizo.