Gari la umeme la kushirikiana, kwao ni kijijini

Ukizungumzia magari ya umeme ya kushirikiana, yaani gari moja linalotumiwa na watu wengi kwa zamu, utaambiwa hayo ni mambo ya mjini. Kijijini watu ni wachache, umeme ni wa kubahatisha, njia ni mbovu, na mali ya wengi haina mwenyewe. Kwa hiyo yaanze mjini kwanza, kijiji kitafuata siku zijazo. Madiwani husema hivyo, na wataalamu wa uchukuzi nao husema hivyo. Mimi naona hoja hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu.

Tutazame mji uliojaribu. Desemba 2011 jiji la Paris lilizindua Autolib', huduma ya magari madogo ya umeme ambayo mkazi aliyachukua kituo kimoja na kuyaacha kingine. Watu walikuwepo kwa mamilioni, umeme haukatiki, lami kila mtaa, magari kwa maelfu. Julai 2018 huduma ikafungwa, ikiwa imelemewa na hasara. Malalamiko ya uchafu ndani ya magari yalikuwa mengi, na hilo halishangazi: aliyeacha takataka kwenye kiti hamfahamu atakayekikalia baada yake, wala hatakutana naye. Isitoshe, mkazi wa Paris akiudhika na gari ana treni ya chini ya ardhi, ana basi, ana teksi. Hana sababu ya kulitunza gari lile.

Sasa twende Wedza, wilaya ya wakulima kusini mashariki mwa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2019 kampuni ya Mobility for Africa, iliyoanzishwa na Shantha Bloemen, ilianza kupeleka huko maguta ya umeme ya magurudumu matatu, yaitwayo Hamba. Wanawake hujiunga kwenye kikundi kidogo, kisha hukodi guta moja kwa pamoja. Chaji ikiisha, dereva huenda kwenye kituo cha sola, anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa, anaondoka. Guta hilo hubeba mboga za sokoni, maji, kuni na mahindi ya kusaga, mizigo ambayo kabla yake ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake haohao. Anayelikabidhi leo jioni anajua kesho asubuhi jirani yake atakwenda nalo wapi.

Kwa hiyo uchache wa watu, unaotajwa kama kikwazo, ndio unaorahisisha kushirikiana. Watu wachache wanaofahamiana hupangiana zamu bila programu ya simu. Siku ya gulio inajulikana, siku ya kliniki inajulikana, na foleni ya mashine ya kusaga kila mtu anaijua. Na anayedai wanakijiji watagombania gari akaangalie sanduku la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa: kufuli tatu, kila ufunguo kwa mwanachama wake, na sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wafike. Watu wanaotunza fedha taslimu kwa utaratibu huo wanashindwaje kutunza guta?

Kuhusu umeme, serikali ya Tanzania inasema vijiji vyote 12,318 vya bara vimefikiwa. Kufika kijijini si kufika kila nyumba, nyaya nyingi zinaishia katikati ya kijiji, na hilo ni tatizo la kweli kwa anayetaka gari lake binafsi la kuchaji nyumbani. Kwa gari la wote, sehemu moja tu ya kuchajia inatosha: kwenye mashine ya kusaga, au kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Linganisha na petroli. Mbali na barabara kuu utaikuta imepangwa kwenye meza ya kibanda, ndani ya chupa za maji ya kunywa, na mwenye kibanda ameshaongeza nauli yake na faida yake. Uniti ya TANESCO haipandi bei kwa sababu kijiji kiko mbali.

Hata Ulaya, vijiji havikusubiri. Wilaya ya Rhein-Hunsrück nchini Ujerumani, ambayo vijiji vyake vingi havina hata watu 500, huzalisha kwa upepo na jua umeme mwingi kuliko inaoutumia, na baadhi ya vijiji hivyo vimeweka gari la umeme la kijiji ambalo mkazi huliwekea nafasi anapolihitaji.

Sisemi mambo ni mepesi. Masika ikikolea, zipo njia ambazo hata trekta hukwama. Bei ya betri ni kubwa, na fundi anayeijua si rahisi kumpata wilayani. Lakini tope halichagui injini, na bei kubwa ndiyo sababu ya watu kununua kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake.

Njia ya kuanzia ipo tayari. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo hupitia vikundi. Madiwani, bajeti ijayo ikifika mezani, tengeni fungu la maguta ya umeme ya vikundi pamoja na betri za akiba, na muanze na vikundi vya wanawake ambavyo vimekwisha kurejesha mikopo yao ya kwanza.