Mwanamke Mwenye Heshima Hulala Gesti

Wiki iliyopita nilimsikia mhubiri mmoja redioni akiwafundisha vijana namna ya kuchagua mke. Orodha yake ilikuwa ndefu, na katikati yake akaliweka hili: mwanamke anayejiheshimu halali gesti. Ukisikia mchumba wako amelala gesti mjini, hata kama alikuwa peke yake, achana naye. Waumini wakaitikia amina kwa sauti moja. Mtangazaji akacheka, akapiga wimbo.

Mimi sikucheka. Kauli hii imenichosha, na mhubiri hakuitunga yeye. Nimeisikia kwa wajomba, kwa mashangazi, kwenye vikao vya harusi na kwenye vikoba. Ukitaja gesti mbele ya watu wazima, kuna atakayekohoa na kuna atakayeinamisha uso. Katika nchi hii mtu anaweza kukesha kwenye kiti cha basi, kwenye sakafu ya hospitali, au kwenye mkeka wa sebuleni kwa shemeji asiyemtaka, na bado akaitwa mstaarabu. Akitoa hela yake mfukoni, akapewa ufunguo na kufunga mlango, anaitwa malaya.

Huo ni uongo. Tena ni uongo unaoumiza watu, na wanaoumia ndio hao hao wenye heshima.

Anayebisha aende Kariakoo, Dar es Salaam. Asiende usiku kuchungulia nani kaingia na nani. Aende saa kumi na moja alfajiri, apande ngazi za gesti yoyote kati ya zile zilizojibana juu ya maduka, mitaa ya nyuma ya Msimbazi, Narung'ombe au Sikukuu. Koridoni hapapitiki. Kuna mabelo, viroba, maboksi yaliyozungushiwa gundi ya plastiki hadi yakang'aa, beseni zimepangwa moja ndani ya nyingine. Mama mmoja, khanga kiunoni, kandambili miguuni, amechuchumaa na kalamu ya wino mzito anaandika kwenye kila furushi: jina lake, jina la basi, MBINGA. Anahesabu kwa sauti, anasahau, anaanza upya. Chumba cha pili kijana anatoka na chupa ya uji na mfuko wa shuka safi. Anawahi muda wa kuona wagonjwa Muhimbili. Mhudumu wa usiku anapokea funguo, anarudisha chenji, anauliza mgonjwa aliamkaje jana.

Nauliza, hiyo ni sura ya uzinzi? Tazameni mizigo. Mzinzi hasafiri na mabelo matatu ya nguo za watoto. Mzinzi habebi chupa ya uji. Kila anayehukumu gesti anaitazama kupitia tundu la ufunguo, wakati ushahidi umejaa koridoni unakwaza watu.

Mji huu haujaanza leo kuwalaza wageni wake. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, mahali hapo pa Kariakoo waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, watu waliotolewa makwao kubeba mizigo ya vita isiyowahusu. Baadaye pakawa soko. Jengo kubwa la soko, lile alilolisanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, biashara iliendelea kwenye mitaa yote inayolizunguka, maana Kariakoo ni watu wanaokuja na kuondoka. Wanatoka Songea, Tunduma, Kigoma na Mwanza. Wanatoka Zambia, Malawi, Komoro na Lubumbashi. Wafanyabiashara walipofunga maduka mwaka 2023, na tena mwaka 2024, nchi nzima ilishtuka na viongozi wakahangaika. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kwa shangwe kwamba Kariakoo itafanya biashara saa 24. Haya, mama wa Mbinga aliyenunua mzigo saa nne usiku alale wapi? Juu ya mzigo?

Wanaonijibu wana hoja moja wanayoipenda: afikie kwa ndugu. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara anayeisema ni mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne ambaye simu yake huzimika akisikia kuna mgeni anakuja. Ndugu wa watu wa kawaida anakaa wapi? Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Goba ndani ndani. Amepanga chumba na sebule, ana mke na watoto, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kana kwamba amejenga kasri. Basi la mkoani linakushusha Mbezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Ukifika Kariakoo umechoka, ukimaliza kununua ni usiku, halafu ubebe mabelo hadi Chanika ukamwamshe shemeji akufungulie geti? Kesho alfajiri uyarudishe tena mjini? Nani amefanya hesabu hiyo akaona ina akili?

Na kuna jambo ambalo watu wa "afikie kwa ndugu" hawataki kulisikia. Wasichana wangapi wameumizwa kwenye sebule za ndugu? Kwenye mkeka usio na mlango, taa zikizimwa? Kila mtu mzima anayesoma makala hii anamjua angalau mmoja. Lakini sebule ya mjomba ina heshima, na chumba chenye komeo ndani kina aibu. Tumegeuza kila kitu juu chini. Mwanamke aliyelipia kitanda chake hadaiwi fadhila na mtu. Haoshi vyombo vya watu wazima watano kulipia usingizi wake. Hamwogopi mtu anayepita usiku kwenda chooni. Amefunga mlango. Heshima gani nyingine mnaitaka zaidi ya hiyo?

Na mhubiri wetu, anayesimama na Biblia mkononi, afungue Luka sura ya 10. Yule Msamaria alipomkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi, hakumpeleka kwa shemeji. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamuuguza, kesho yake akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, akaahidi kulipa na kitakachozidi. Hiyo ni gesti. Yesu alipotaka kuonyesha jirani mwema ni nani, alimtaja mtu aliyempeleka mwenzake gesti na kumlipia chumba. Kuhani na Mlawi, watu wa dini wenye heshima zao, ndio waliopita kando. Upande wa Waislamu nao msafiri aliyekwama njiani ni miongoni mwa mafungu manane yanayostahili zaka, yametajwa katika Sura ya Tisa. Dini zote mbili zinamtambua msafiri kuwa mtu wa kusitiriwa. Sisi tumemgeuza mshukiwa.

Mkitaka kuona unafiki wenyewe, tazameni jinsi heshima inavyobadilika bei ikibadilika. Ofisa akija mjini kwa semina, akalala hoteli yenye lifti na kiamsha kinywa, kwa posho inayotokana na kodi ya mama yule wa Mbinga, hakuna anayemuuliza kitu. Huyo yuko kikazi. Vitanda vya huko navyo vinalaliwa na watu wawili wawili, na wote tunajua. Lakini dhambi ya laki mbili kwa usiku haihubiriwi redioni. Inayohubiriwa ni ya elfu ishirini. Kinachochukiwa hapa ni umaskini, umevishwa kanzu ya maadili.

Wataniambia kuna gesti zinazokodisha vyumba kwa saa. Zipo. Na kuna magari yenye vioo vyeusi, kuna fukwe, kuna ofisi baada ya saa kumi na moja jioni, kuna nyumba za watu waliofunga ndoa kanisani. Mtu akitaka kuzini hakosi mahali. Mwenye mgonjwa Muhimbili ndiye anayekosa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inapokea watu kutoka pembe zote za nchi, na tiba ya mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Ndugu wa mgonjwa huyo alale wapi wiki zote hizo? Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inapokea watoto wanaohitaji upasuaji, na mama zao wametoka mikoani wakiwa na nauli ya kurudia na dua. Mwambieni mama huyo kwamba mwanamke anayejiheshimu halali gesti. Mwambieni usoni, akiwa ameshika karatasi za vipimo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Mama yangu mdogo anauza nguo sokoni Songea, na mzigo wake anaufuata Kariakoo. Safari moja alilala gesti, akaamka asubuhi akakuta mlango umefunguliwa kwa ufunguo mwingine na pochi iliyokuwa chini ya mto haipo. Ndani mlikuwa na hela za mzigo, zake na za wenzake wawili waliomwagiza. Hakwenda polisi. Hakumwambia mumewe. Alisema ameibiwa kwenye msongamano wa sokoni, akakopa, akalipa madeni ya wenzake kidogo kidogo hadi akamaliza. Ilipita miaka kabla hajaniambia ukweli. Nilimuuliza, mama mdogo, kwa nini hukushtaki? Akanijibu, "Mwanangu, ningeanza kwa kusema nilikuwa gesti. Nani angesikiliza kilichofuata?"

Hapo ndipo kauli ya yule mhubiri inapofanya kazi yake. Haimzuii mzinzi hata mmoja. Yeye ameshazoea kuficha. Inamziba mdomo mama mwenye haki ya kulalamika. Mwizi mwenye funguo za akiba anaijua aibu hiyo na anaitegemea. Mwenye gesti asiyebadilisha shuka anaitegemea. Anayekuuzia chumba chenye kitasa kinachofunguka kwa kusukumwa na bega anaitegemea, maana anajua mteja wake hatasimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema, mimi nililala pale na hapafai.

Ndiyo maana vyumba hivi viko vile vilivyo. Tumekubaliana kwamba ni mahali pa dhambi, basi nani atadai viwe salama? Nimelala kwenye vyumba vya Kariakoo ambavyo dirisha pekee limezibwa kwa nondo zilizochomelewa moja kwa moja ukutani, mlango unafungukia koridoni, na korido imejaa maboksi na nailoni hadi kwenye ngazi, nayo ni moja tu. Chini ni maduka, nyaya za umeme zimening'inia kama mizizi ya mti. Soko lililoungua mwaka 2021 lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 na kuua watu lilikuwa Kariakoo hiyo hiyo. Tukiambiwa kesho gesti imewaka moto, redio hazitauliza kwa nini hakukuwa na mlango wa dharura. Zitauliza waliokufa walikuwa wanafanya nini humo.

Hata utaratibu wetu umejengwa juu ya kuchungulia shuka la mtu mwingine. Kitabu cha wageni kinakuuliza jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, na kabila. Kabila! Kwenye nchi inayojisifu kila jukwaani kwamba imeushinda ukabila, mtu hawezi kulala bila kuandika yeye ni Mngoni au Mha. Ukutani kuna tangazo kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi chumba kimoja. Kwa hiyo ndugu wawili waliokuja kumuuguza baba yao wanalipishwa vyumba viwili, wakati hela ya chumba cha pili ingekuwa ya dawa. Mwanamke akija na mtu ambaye si mumewe, anapewa ufunguo bila swali. Huo ndio ulinzi wa maadili tunaouimba.

Sitaki mhubiri aombe radhi. Nataka aache kusema asichokijua, na kama anataka kuzungumzia gesti, azungumzie vitasa, nondo na ngazi. Nawataka wanaume wanaowatuma wake zao Kariakoo kufuata mzigo waseme kwa sauti, mbele ya kina mama zao na wazee wa ukoo, kwamba mke wangu jana alilala gesti kwa sababu alikuwa kazini. Nawataka kina mama wenye mizigo wataje waziwazi gesti nzuri na gesti mbaya, waambizane kama wanavyoambizana duka lipi lina bei ya jumla.

Na halmashauri, inayokusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni bila kuona aibu yoyote kuupokea, ina deni kwa kila anayelala humo. Ipeleke wakaguzi, wapande ngazi wakati wageni wamelala na si wakati wa chai na mwenye nyumba. Chumba kisichofungika kwa ndani kisipate leseni. Nondo za dirisha zisizofunguka zikatwe. Ufunguo wa akiba uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na kikipotea kitu aanze kuulizwa yeye. Kazi hiyo haihitaji semina wala posho. Inahitaji msumeno wa chuma, fundi vitasa na mtu mwenye nia, na inaweza kuanza Jumatatu.