Nani Anamlisha Mcheza Ngoma wa Turkana?

Miongoni mwa ngoma za bara zinazojulikana hata kwetu pwani ni edonga ya Waturkana. Wanaume huruka wima na kutua kwa kishindo, wasichana wakiwaitikia kwa nyimbo, na nyingi katika nyimbo hizo ni za kusifu mafahali. Mjini Lodwar ngoma hiyo hupata jukwaa lake kubwa katika tamasha la Tobong'u Lore. Mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapo, kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, ndiko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko Wasudani, Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia hucheza kila watu ngoma za kwao.

Leo hatukusudii kuzisifu ngoma hizo. Tunataka kutazama jambo moja linalowahusu wachezaji wenyewe, nalo ni ushauri wa chakula unaowafikia kwa njia ya simu. Wapo kati yetu wasiopendezwa na ngoma, na hoja zao tunazijua. Lakini mwili wa mchezaji ni amana kama mwili wa mtu mwingine yeyote, na ushauri wenyewe haukuishia Turkana. Umefika Kisauni, umefika Malindi, umefika Lamu.

Mambo huanza hivi. Kijana hupigwa picha akicheza, picha hiyo ikatumwa mitandaoni, na mara walimu wakajitokeza. Mmoja husema acha wanga kabisa. Mwingine husema usile kabla ya saa sita mchana. Wa tatu ana chai ya kusafisha tumbo, wa nne ana unga wa kujenga misuli, na wa tano anaapa kwamba nyama tupu ndiyo dawa ya kila kitu. Wote husema kwa uhakika mkubwa, na karibu wote hawajamwuliza kijana yule swali la kwanza ambalo nesi yeyote wa zahanati angemwuliza: jana ulikula nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kakuma. Mgao kamili wa chakula cha wakimbizi hukadiriwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Katikati ya mwaka 2025, kwa uhaba wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao katika kambi za Kenya hadi asilimia 28. Piga hesabu, utapata kalori zisizofika 600. Mwezi Agosti mwaka huohuo ukaanza utaratibu wa kuzigawa familia katika madaraja kwa kadiri ya mahitaji, na zipo zilizoambiwa kwamba hazitapewa tena. Sasa mchukue msichana wa familia kama hiyo, anayecheza jioni mpaka jasho linamtoka, kisha simu inamwambia apunguze chakula ili kiuno kionekane vizuri. Ushauri huo ulitungiwa watu wanaokula hadi wakasaza, nao umemfikia mtu ambaye sahani yake imekwisha kupunguzwa na wengine.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo ya wataalamu wake juu ya hali ya mwanamichezo anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula. Mwili ukikosa nguvu huanza kubana matumizi kama mama wa nyumba aliyeishiwa. Hedhi hukatika, mifupa hupungua uimara, vidonda huchelewa kupona, moyo na akili navyo huchoka. Kwa anayecheza kwa kuruka, kama katika edonga au katika ngoma za Wadinka, mfupa dhaifu hupasuka kidogo kidogo bila ajali yoyote. Mchezaji hudhani ni uchovu tu, akaongeza mazoezi.

Ama ile chai ya kusafisha tumbo, sisi watu wa pwani hatuna haki ya kushangaa, kwani nyingi ya chai hizo ndani yake mna sanamaki. Mabibi zetu waliijua sanamaki, na waliijua kwa mpaka wake: ni dawa ya tumbo lililofunga, hunywewa siku moja au mbili, basi. Anayeinywa kila siku ataona mizani ikishuka, ni kweli, lakini kilichoshuka ni maji na chumvi za mwili. Mafuta yako palepale. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, na hakuna chai inayoifanya kwa niaba yao. Fikiri basi juu ya mtu anayejiharisha kwa makusudi mjini Lodwar, ambako joto la mchana mara kwa mara hupita digrii 35, halafu jioni aende kucheza. Chumvi ya potasiamu ikipungua mno, moyo wenyewe huanza kupiga ovyo.

Kuna na kichekesho kimoja katika habari hizi. Wauzaji wa fikira ya nyama tupu, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, hupenda kutoa mfano wa wafugaji wa Afrika Mashariki: tazameni Wamasai, tazameni Waturkana, wanakula nyama, maziwa na damu, na miili yao kama mkuki! Kwetu Waislamu damu ni haramu na mjadala umekwisha. Lakini hata tukiiweka kando, mfano wenyewe haukusomwa vizuri. Mwezi Septemba mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na Waturkana wenyewe. Ulionyesha kwamba mfugaji wa jadi hupata asilimia 70 hadi 80 ya chakula chake kwa wanyama, na kwamba katika maelfu ya miaka ya ukame na ufugaji, urithi wa damu wa watu hawa umebadilika. Jeni moja iitwayo STC1 husaidia figo kuhifadhi maji na huenda pia inazikinga na takataka zinazotokana na nyama nyingi. Hiyo si siri ya kununuliwa dukani. Watafiti haohao walikwisha kuonyesha mwaka 2020 kwamba Waturkana waliohamia mijini afya yao ya moyo na sukari ni mbaya kuliko ya ndugu zao wachungaji. Kwa hiyo hata kijana wa Lodwar, aliyezaliwa na damu hiyohiyo lakini anakula chapati na kuketi dukani kutwa, si mchungaji wa Loima. Sembuse mtu wa Mombasa.

Namna ya kumjua mshauri asiyeaminika si ngumu mno. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imekwisha kutuamrisha tuichunguze habari tunayoletewa. Mtazame kwanza anauza nini, maana anayeuza unga ndiye anayekwambia huna protini. Mwanamichezo anahitaji gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na samaki mkavu wa Ziwa Turkana, anayepatikana sokoni, nusu ya uzito wake au zaidi ni protini. Maharage na maziwa yapo pia. Mtazame vilevile kama anatoa amri moja kwa watu wote, mwanamume na mwanamke, aliyeshiba na mwenye njaa, aliyefunga Ramadhani na asiyefunga. Mtazame kama anatisha watu kwa chakula cha kawaida. Kisha uliza jina lake: Kenya inayo Taasisi ya Wataalamu wa Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mtaalamu wa kweli ameandikishwa huko. Anayejiita daktari wa lishe na jina lake halimo, huyo ni mchuuzi.

Wala jangwa lile si tupu kama tunavyodhani. Mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, huliwa matunda yake huko kama watoto wa pwani wanavyoguguna makoma. Esekon ni mti uleule tunaokatia mswaki, na matunda yake madogo huliwa pia. Hayatoshi kumlisha mchezaji, lakini hakuna mwalimu wa mtandaoni aliyewahi kuyataja.

Neno kwa viongozi wa vikundi, wa Lodwar, wa Kakuma na wa huku kwetu. Msichana aliyekosa hedhi kwa miezi mitatu, au kijana ambaye mguu humuuma mahali palepale kila anapotua, asiambiwe ajikaze. Apumzishwe, apelekwe hospitali, na kabla ya onyesho lijalo mwenye kukodi ngoma aulizwe kama katika malipo yake mna chakula cha wachezaji, kabla ya kucheza na baada yake.