Tableti ya bei nafuu haina kosa, kosa ni letu tunaoandika programu

Leo niko nyumbani hapa Kanamkemer, jua la Lodwar ni lile lile mnalolijua, na ninalo jambo la kusema kuhusu hizi tableti ndogo za inchi 7 (ndugu zetu wa Tanzania huziita vishikwambi). Kila nikikaa na waandishi wenzangu wa programu nasikia kwamba ni takataka tu, heri mtu anunue simu nzuri. Mimi sikubali, na sababu yangu ina aibu kidogo.

Mwaka jana nilimshawishi jirani yangu, mama mwenye duka, aachane na daftari la madeni anunue tableti, nami nimwekee programu niliyoiandika mwenyewe. Akatoa shilingi 8,000 zake. Kwa duka la unga na sukari hizo si pesa ndogo. RAM GB 1, hifadhi GB 16, kamera ni kama ya kupigia picha ukungu. Lakini maandishi yanaonekana makubwa, na macho yake kwenye simu yalikuwa yanamsumbua.

Wiki ya pili akaniita: "Kijana wangu, hii daftari yako inasahau."

Madeni ya wateja watatu yalikuwa yamepotea. Wateja wenyewe, unajua binadamu, hawakuwa na haraka ya kumkumbusha.

Nililaumu tableti, bila shaka. Kisha nikaenda kukaa dukani nusu siku nikitazama. Anaanza kuandika deni, mteja mwingine anaingia, anaiweka kando, mjukuu anaichukua afungue video. RAM inajaa, na Android inaifunga programu iliyo nyuma ili ipate nafasi. Hiyo si hitilafu, ndivyo mfumo ulivyoundwa. Programu yangu ndiyo iliyokuwa inashikilia maandishi kwenye RAM mpaka mtu abonyeze "Hifadhi". Kwenye simu yangu ya GB 8 jambo hilo halikutokea hata siku moja, kwa hiyo sikuliona. Nikaandika upya: kila neno linaingia kwenye hifadhi papo hapo, na mbwembwe zote za picha nikazitupa. Programu ikashuka kutoka MB 62 hadi MB 7. Tableti ni ile ile. Madeni yale matatu niliyalipa mimi.

Tusisahau kwamba sensa ya Kenya ya 2019 ilikuwa ya kwanza kufanywa kwa tableti badala ya fomu za karatasi, na zaidi ya 160,000 zilitoka kwa vyuo vikuu vya Moi na JKUAT. Karani anayezunguka vijiji vya Turkana hahitaji kifaa cha kifahari, anahitaji fomu inayofunguka na kuhifadhi hata mahali ambapo mtandao haufiki. Mwenye duka pia ni hivyo hivyo.

Sisemi kwamba vifaa hivi havina kasoro. Juani kioo hakionekani, lazima ukae kivulini. Joto nalo ni adui wa betri za lithiamu. Apple, kwa mfano, inashauri iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na hapa kwetu saa nane mchana tushazipita hizo. Chaji usiku au alfajiri, na usiiache kwenye dashibodi ya gari. Vumbi kwenye tundu la chaja litoe kwa brashi laini, si kwa sindano kama nilivyoona watu wakifanya!

Na kama unanunua leo, usichukue ya GB 1 kama mimi nilivyomshauri huyu mama. Tangu Android 13, mwaka 2022, Google inataka angalau RAM ya GB 2 hata kwa Android Go, ile nyepesi ya vifaa vidogo. Hakikisha pia ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu.

Yule mama bado anaitumia. Daftari la karatasi liko chini ya kaunta, na kila jioni anayalinganisha hayo mawili. Juzi nikamwuliza ataliacha lini.

"Siku nitakayokuamini," akasema, akaendelea kuhesabu.